Kachumbari Isiyo Nyanya

Jumapili baada ya isha, Mishi akishalala,
naingia jikoni kama mgeni
aliyeambiwa jisikie uko kwako.
Kabichi nusu ya Kongowea,
matango mawili, hoho, kitunguu kimoja,
na ndimu ngumu niliyoibingirisha mezani
mpaka ikanilegea.

Nyanya hamna.
Daktari wa Makadara alianza na nyanya,
akaikata kwa kalamu nyekundu, kisha akaendelea:
ndizi, nazi, mbaazi, viazi, chumvi.
Mishi akaisoma karatasi yote, akaikunja mara nne:
"Si ungeandika tu, daktari,
nihame Mombasa?"
Daktari alicheka.
Mimi nilikuwa nakiangalia kifundo cha mguu wake,
kilivyofura, alama ya kiatu imeganda
kama kidole kwenye unga uliokandwa.

Miaka ishirini na sita nilikaa mizani ya Mariakani
nikipima malori ya saruji, ya mabati,
ya mahindi yasiyojulikana yanakwenda wapi.
Leo napima kabichi
kwa mizani ndogo ya plastiki
aliyotuletea Nuru kutoka Mwembe Tayari,
na mshale ukitetemeka kwenye gramu mia
nashika pumzi.
Kule lori likizidi, dereva alijua pa kuzungumzia.
Hapa kikizidi kitu
hakuna wa kuhonga.

Wiki ya kwanza nilikata kabichi kama mpasua kuni.
Mishi akatafuna, akatafuna,
akaniuliza kwa adabu zake zote:
"Mume wangu, hii ni yangu au ya mbuzi?"
Sasa naikata nyembamba kama ukili,
kisu nimekinoa chini ya kikombe,
na mambo haya hakunifunza mama,
alikuwa akinifukuza jikoni kwa mwiko.

Ndimu hukaa chini kabisa,
na kijiko cha mafuta,
na bizari nyembamba niliyoikaanga kavu
mpaka jirani akakohoa.
Kitunguu kiogelee humo.
Juu yake kabichi, niishindilie kwa ngumi,
kisha hoho,
na tango mwisho, juu, mbali na ndimu,
maana tango ni mmbea:
likiguswa kidogo tu
humwaga yote usiku kucha.
Chakula cha Jumatatu, Jumanne, Jumatano,
stima zisipopotea.

Chupa ni tatu. Zilikuwa za achari,
achari yake ya maembe, aliyokuwa akiianika darini
jua la Januari, akiilinda na kunguru
kwa matusi ambayo sitayaandika.
Nimeziosha kwa maji moto, kwa maganda ya ndimu,
kwa jivu, nikazianika siku mbili.
Vioo vimekubali.
Vifuniko vimekataa.

Jumatatu iliyopita alisahau miwani.
Nikampelekea kule Tudor anakoshona sare za shule.
Saa saba. Nikasimama kando ya mlango.
Wenziwe wanakula viazi karai, ukwaju unawachuruzika vidoleni,
wanacheka kwa vinywa vilivyojaa.
Yeye chupa yake iko wazi juu ya cherehani
na hajala.
Ameshika mfuniko.
Ameuinua puani, amefumba macho,
akavuta mara moja,
akavuta tena, kwa kina, kama mtu ananusa nguo ya mtoto aliyesafiri,
ndipo akachukua uma.

Nikarudi na miwani mfukoni.
Jioni nikamwambia nimeiona sasa hivi, chini ya kitanda.

Usiku huu nimekata, nimepima, nimepanga.
Vioo nimevisugua mpaka vikalia.
Vifuniko nimevisuuza kwa maji baridi tu,
haraka haraka, bila sabuni,
nikiangalia pembeni
kama zamani, usiku wa manane, pale barabarani,
lori la mtu ninayemjua
likipita.