Daftari la Mvua

Paa la shule lilipoondoka, liliondoka zima,
kama kofia ya mtu aliyechoshwa na kikao.
Tulilikuta siku ya tatu kwenye migomba ya Laronde,
limelala chali, limejaa maji na vyura.

Serikali ikatuma barua: subirini.
Tukasubiri. Barua ikaliwa na unyevu.
Ndipo Eulali, mwoka mikate, akasukuma meza zake ukutani,
akasema tanuri hupoa saa mbili asubuhi,
leteni watoto, na watoto waje na kopo.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, pale Ans Kabri,
shule yenye harufu ya hamira.
Unga kwenye madaftari, unga kwenye nyusi.
Hesabu za sehemu walijifunza kwa donge:
ukikata theluthi na ndugu yako akalia, umekosea.

Mimi si mwalimu. Ni mshonaji.
Lakini kupima najua.
Nilikata kipande cha utepe wangu,
tukakibandika ndani ya kopo la maziwa uani,
na kila alfajiri mtoto mmoja alikwenda kuchungulia
mbingu zimetupa ngapi.
Zefrini, wa miaka tisa, ndiye aliyeandika.
Herufi zake zilikuwa zimelewa kidogo. Tarakimu, hapana.

Alhamisi alikuja Hesketi, seremala,
na mkono wake wa vidole vitatu.
Alifundisha kwa Krioli,
lugha tuliyochapiwa viboko katika shule ya zamani:
"Paa halishikwi na misumari. Paa hushikwa na ukuta,
ukuta na msingi,
msingi na yule aliyekataa kuiba saruji."
Watoto wakacheka. Wazazi wawili hawakucheka.

Klotilda naye akawaonyesha viazi vikuu
vinavyongoja kimya udongoni
usiku upepo unapochuma shelisheli zote kwa mpigo.

Mwaka wa pili akaja mhandisi kutoka mji mkuu,
viatu visafi, ramani pana.
Kwenye ramani ile korongo letu halikuwepo.
Tulilitazama lile pengo jeupe
kama mtu anayetazama picha ya familia aliyokatwa.
Zefrini akafungua daftari.
Inchi tatu, alisoma, mawe ya korongo huanza kuongea.
Tano, maji hugonga mlango wa kanisa.
Sita hatujui. Kopo linaishia hapo.
Mhandisi akaomba kalamu,
akachora korongo pale kidole cha mtoto kilipopita,
na nikamwona akifuta jasho ambalo halikuwa la jua.

Kimbunga kingine kilifika Septemba, usiku, bila adabu.
Saa nne kopo lilisema nne.
Hatukuingoja redio.
Tulipanda kwa Hesketi, tukishika nyasi
tulizozipanda wenyewe zishike udongo:
watu sabini na mmoja, mbuzi kadhaa,
na cherehani yangu, ambayo hadi leo
hakuna anayekiri kuibeba.

Asubuhi tukahesabiana. Sabini na mmoja.
Tanuri la Eulali halikuwepo.
Mahali pake palikuwa na jiwe moja kubwa,
limekaa kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Sitasema tulishinda. Eulali hakuoka tena.
Alimfuata mwanawe ng'ambo, nako, anaandika,
mikate ni pamba iliyotiwa chumvi.
Shule sasa iko kwangu, kati ya cherehani
na gauni la harusi ambalo mwenyewe hajarudi kulichukua.

Daftari ninalo. Nilizipiga pasi kurasa zake, moja moja.
Ukurasa wa usiku ule hauna tarakimu.
Una tarehe, na zile herufi zilizolewa:

Kopo limechukuliwa. Mvua ni zaidi ya kopo.

Na chini yake, kwa kalamu nyingine, siku tisa baadaye:

Kopo jipya. Sifuri.