Ncha ya Sifuri

Kazi yangu ilikuwa kushika sifuri.
Habamungu alishika upande wa pili wa utepe,
upande wenye namba, upande unaoandikwa.
Mimi nilichuchumaa kwenye kona za kuta,
nikabana ile pete ya bati juu ya jiwe jeusi
na kupaza sauti: tayari!

Ofisi ilitutuma tuupime mji wa Goma.
Karatasi ilisema: mji ni pale nyumba zinapofuatana
bila pengo kuzidi mita mia mbili.
Rahisi, akasema Habamungu, akakaza kamba za viatu.

Tukaanza Birere.
Huko pengo ni neno la wageni.
Bati limelala begani mwa bati;
mtu akikohoa kwa Masika
pole inatoka nyumba ya tatu.
Mia, mia nne, elfu,
tukaitii karatasi mpaka Bariyeri Ndogo,
na nyumba hazikukoma.
Ziliendelea ng'ambo, Gisenyi,
nguo zimeanikwa, sufuria zinafuka,
kuku anavuka bila kibali.
Askari akauliza: mnaenda wapi na huo utepe?
Karatasi inasema tuendelee, akajibu Habamungu.
Askari akasema turudi.
Tukaandika: Mwisho wa mji.
Sababu: askari.

Kwa Kavira tulipima parseli,
kumi na tano kwa ishirini, sawa na hati.
Na ile ya chini? akauliza.
Ya chini ipi, mama?
Akagonga sakafu kwa kisigino.
Hapa chini ndipo sebule yangu.
Mlima uliposhuka ulinijazia mpaka dirishani,
ukapoa, nikajenga juu yake.
Kuna cherehani humo. Kuna kalenda ya Januari,
siku kumi na sita nimezikata kwa kalamu nyekundu.
Sasa niambieni, ninalipa kodi ya nyumba ngapi?

Habamungu aligeuza fomu, akaigeuza tena.
Haikuwa na kisanduku cha kina.

Upande wa kambi hatukufungua utepe kabisa.
Turubai kwa turubai, pengo la mkono mmoja,
pamebanana kuliko Birere,
lakini karatasi ilisema: makazi ya muda hayahesabiwi.
Msichana mmoja alitufuata akitafuna muwa.
Amezaliwa pale. Meno aliyotafunia
yalikuwa ya ukubwani.

Kisha lile bonde dogo, baada ya Keshero.
Majani mazuri, mabichi, wala hakuna nyumba.
Nikashuka na pete yangu kama kawaida,
nikachuchumaa,
na mwanamke nisiyemjua akanishika ukosi
akanivuta kama mtu anayeng'oa muhogo.
Simama! Una wazimu? Hapa ni mazuku!
Nikaona mbuzi, hatua tano mbele,
amelala kama anayecheua.
Hachei wala hacheui.
Mwanamke akapandisha mtoto wake begani,
akakata pembeni kwenda sokoni,
kichwa juu, kama anayevuka mto
ambao sisi hatukuuona.

Tulilipima tukiwa wima, sifuri kifuani mwangu.
Mita mia mbili thelathini.
Basi mji umekwisha hapa, akasema Habamungu,
kwa sauti ya chini, bila kunitazama,
maana alijua ninakolala.

Siku ya sita alijumlisha.
Namba ikatoka na nukta, na tarakimu mbili baada ya nukta.
Ofisi ikaigonga mhuri.
Nikalipwa, nikashika njia, nikapita ukingoni mwa bonde,
nikaingia mahali ambapo si mji.
Giza lilikuwa limeshashika.
Kambere alikuwa akija na chukudu yake, magurudumu yakilia,
magunia manne ya mkaa,
akiteremka kwenda kuwapikisha waliohesabiwa.
Akanipungia. Nami nikainua mkono,
nikagundua kidole na gumba bado vimebanana,
vimeshika kitu.