Viti Vitatu

Kitanda kilikuwa viti vitatu vya plastiki
na shuka lilikuwa koti jeupe la Ruqayya wa Bidiya.
Mwalimu Ghaliya alisukuma meza ukutani,
akalifunika sanamu letu la sindano,
lenye mishipa ya mpira, tuliloliita Bwana Sabri,
akasema: huyu leo apumzike.
Hajawahi kumuuliza mtu swali.

Mwaka wa pili, Ibra, Jumatatu baada ya adhuhuri,
kiyoyozi kinakohoa kuliko wodi nzima.
Tulicheka. Nani asingecheka?
Tuna mtihani wa dawa Alhamisi,
dripu, matone mangapi kwa dakika,
na mama huyu anatutaka tuwe dirisha, tuwe mlango,
tuwe mtu anayengoja majibu ya damu.
Zamzam akawa mlango. Alifunga vizuri mno.

Kisha akanigeukia: wewe, Thuraya, lala.
Una sukari, una miaka sabini,
mguu wa kulia umeoza,
na Ruqayya anakuja kukwambia.

Basi nikalala.
Viti vikanifinya mgongo pale vinapokutana.
Niliona dari lina doa la maji lenye umbo la ini,
na muuguzi, ukimtazama kutoka chini,
ana matundu ya pua kabla hajawa na macho.
Halafu unamwona anameza mate.

Unamwona.

Nilikuwa na miaka tisa, hospitali nyingine.
Kiarabu cha bibi kilikuwa cha swala na cha bei ya nyama,
mengine yote alikuwa nayo kwa Kiswahili cha Wete,
nami ndiye mkalimani, soksi za shule hazilingani.
Daktari aliinama kwangu, si kwake:
mwambie, chini ya goti, kesho asubuhi.
Si kwamba nilikosa neno. Kukata tulikuwa nako nyumbani,
tulikata vitunguu, tulikata kucha, tulikata shauri.
Nikasema: Bibi, anasema mguu umechoka,
wataupumzisha.

Bibi akasema: Haya, na upumzike.
Umetembea sana huo.
Akanitengeneza ushungi, akaniomba maji.

Miaka kumi na moja nimeutunza uwongo ule
nyuma ya kabati, kama dawa iliyopitwa na tarehe,
nikiamini nilimdanganya.

Ruqayya akanikaribia na karatasi asiyoihitaji.
Akameza mate. Kinywa changu kikafunguka,
na kilichotoka si Kiarabu tulichokubaliana:
Mwanangu, sema tu. Kwani nani hapa asiyejua?

Hakuelewa hata neno.
Mwalimu Ghaliya hakupiga kofi la kutusimamisha.
Ruqayya akaiweka karatasi chini,
akaketi sakafuni, yeye anayeogopa vumbi,
akaushika mguu wangu wa kushoto,
ule mzima,
akaushika kama unavyoshika ngazi
mwenzio akiwa juu yake.
Sikumsahihisha.

Rudieni, akasema mwalimu. Badilishaneni.
Nikajifuta uso kwa koti la watu, linanuka udi na spiriti,
nikasimama. Ruqayya akalala, akajikuna,
akavilalamikia viti.
Nikazunguka, nikachuchumaa,
mpaka macho yangu yakamfika kabla ya pua,
nikaanza kutafuta lugha.
Bwana Sabri kimya chini ya kitambaa chake.
Zamzam bado ni mlango, hakuna aliyemwambia afunguke.

"Mama," nikasema, "ni mguu."