Mpita Njia Usoni mwa Thauri

Saa kumi na moja alfajiri, Juni, baridi ya kung'ata masikio.
Mama Fortunata yuko mbele na blanketi la sufi ya alpaka,
mimi nyuma na chupa ya chai ya koka,
tunapanda ukingo wa mawe juu ya zizi
kukingoja Kilimia kitoke nyuma ya theluji.

Kwetu Andes jina lake ni Ghala.
Kikichomoza kipana na cheupe, viazi hupandwa mapema.
Kikipauka, mvua itachelewa, nasi tuchelewe nayo.
Mama hahesabu kwa vidole, anahesabu kwa midomo:
sita.
Kimya.
"Wa saba ananikonyeza."

Nilisoma Kusko miaka minne,
nikarudi na deni na darubini ya mtumba.
"Hao ni watoto, Mama. Wamezaliwa juzijuzi,
miaka milioni mia tu. Ule ubuluu ni pupa:
watakula akiba yao yote wangali vijana."
"Kama kaka zako huko migodini," akasema,
akamimina chai.

Halafu akapanda yule mwekundu, Dabarani,
jicho la fahali, mzee aliyevimba na kupoa.
Waliompa jina walimwita Mfuasi,
kwa kuwa kila usiku humwona Kilimia mgongo tu.
Kandokando yake nyota ndogondogo, uso mzima wa Thauri,
wamejipanga kama watu wa nyumba moja.
"Huyo ndiye baba yao," Mama akasema.

Ningenyamaza. Sikunyamaza.
"Hapana. Hao wadogo ni ndugu, wingu lao moja,
wanasafiri pamoja, mbali sana.
Huyu hayuko hata nusu ya njia kuwafikia.
Amekatiza tu mbele yao, nasi tukamtia ukooni."

Mama hakujibu.
Nikaijua picha aliyokuwa akiitazama gizani,
ile ya ukutani, ya mwaka wa ukame:
sisi saba kwenye benchi, macho makavu kwa jua,
na mbele yetu, kofia mkononi, Eleuterio Chuctaya,
aliyekuja kutengeneza pampu ya maji kwa wiki moja
akakaa miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mahindi.
Hatukumwita baba. Hakuomba.
Viatu vyangu vya shule vilinukia grisi yake.
Februari tulipomzika padri aliuliza,
"Marehemu ni nani wenu?"
na kila mmoja akamwachia mwenzake jibu.

Nikaona afadhali niseme jambo jingine.
Nikasema habari za pembe, ambazo hatukuziona,
jua lilikuwa limekwisha kuzilamba:
ncha moja iliyowahi kuhesabiwa katika makundi mawili
mpaka wataalamu wakakaa mezani wakachora mpaka;
na karibu na ncha ya pili, nyota iliyopasuka
watu wakaiona mchana kweupe, zamani, karibu miaka elfu,
na moyo wake ungali unazunguka
mara thelathini kwa sekunde moja
kama kuku aliyechinjwa.
"Hiyo sitaki," Mama akasema.

Upande wa mashariki ukaanza kuwa rangi ya maziwa.
"Huyo mpita njia," akauliza, "anajua
kwamba tukimtazama tunamwona na wale?"
"Hajui kitu, Mama. Ni moto."
"Sikukuuliza ni nini."

Kilimia kikafutika. Ndugu wa usoni wakafuata,
mmoja hapa, wawili pale, bila kuagana.
Mwekundu akabaki peke yake juu ya mlima,
akachelewa kuondoka, kama mgeni
anayetafuta kofia aliyoishika mkononi.

"Tutapanda mapema," Mama akasema.
"Tuta la chini, lile la viazi vyeusi, usilipime. Ni lake."
Kisha akakung'uta kikombe kwenye jiwe.
Chai ilikuwa imepoa.