Moto Usio na Rangi

Ijumaa, alfajiri imetoka sasa hivi,
bonde la Al Khodh lina kivuli upande mmoja tu.
Kijigari chako kimekaa juu ya jiwe
kama mjusi anayengoja mgongo upate joto,
nawe, Mundhir, umeshika chupa ya mafuta ya waridi
unaitikisa kama sharubati.

Iweke chini. Kivulini.
Kaa hapa kwa shangazi yako.

Miaka kumi na tisa nilivaa kofia ngumu kule Sohar,
kiwanda cha methanoli, zamu ya mchana na ya usiku.
Ya usiku niliipenda zaidi,
kwani gizani moto wake huonekana:
samawati, mwembamba, kama uzi wa pindo.
Mchana hauna kitu.
Mchana Khuwaiter wa Saham aliupita katikati
akidhani anapita hewani,
akaona mkono wa ovaroli unajikunja wenyewe.
Alipona. Lakini hadi leo, akifika mahali patupu,
hutanguliza kiganja.

Tazama. Kijiko kimoja ndani ya kizibo cha bati.
Chupa nimeifunga, iko hatua ishirini kutoka hapa,
kizimamoto kiko mguuni pangu.
Nawasha.
Umeona nini?

"Sijaona kitu, shangazi."

Lete ule ukuti mkavu. Uinamishe.

Ukajipinda, ukawa mweusi, ukadondoka unga,
na aliyeula hakuonekana.
Hapo ndipo uliponyamaza, wewe mwana wa maneno mengi.

Basi usijaze tangi injini ikiwa ya moto.
Usiiache chupa ndani ya gari la baba yako,
saa sita ya Julai hata tende humo huchemka.
Na usinyonye kwa mrija, hata tone:
tumbo likipokea, macho ndiyo hulipa.

Injini hii ni mpya. Itunze kama mzazi wa arobaini:
polepole, na isikose chakula.
Sindano ya kabureta ilegeze, inywe kuliko inavyopumua,
itoe moshi mweupe, ikohoe, ikuaibishe
mbele ya wenzako wa Mabela.
Ukiibana sasa hivi ikimbie,
itaimba vizuri sana.
Siku hiyo moja.

Tukawasha. Ikakohoa, ikashika,
ikaenda zake kati ya kokoto, mkia wa vumbi nyuma,
na moshi uliponifikia nikakunja uso:
nyonyo!
Yale yale mafuta aliyotunywesha mama
huku ametubana pua, tukilia,
kila shule ilipokaribia kufunguliwa.
Miaka hamsini, na bado tumbo langu linaogopa.
Ulicheka mpaka gari likaingia mchongomani.

Jioni, Mabela, unyevu wa bahari umepanda ukutani,
vioo vya madirisha vinatoka jasho.
Umechoka. Unataka kulala.
Nami nakwambia methanoli huita maji hata kutoka hewani,
na maji huzaa kutu, na kutu haingoji Ijumaa ijayo.
Ukanuna. Nikaenda zangu kusali.

Saa nne usiku nikashuka na tochi.
Tangi tupu. Chujio la hewa limeoshwa, linakauka.
Nikazungusha gurudumu zito kwa kidole:
pistoni ikapanda laini, ina mafuta yake,
matone mawili matatu, kama nilivyosema.
Matambara yametandazwa uani, mbalimbali,
hayakusokomezwa nyuma ya friji.

Na kwenye mlango wa kabati la chuma
karatasi niliyoibandika adhuhuri:

*Usione hauwaki, ukadhani hauchomi,*
*Moto huu haucheki, jichoni hauna ndimi,*
*Funga chupa kwa hakiki, iweke mbali na mimi,*
*Na injini haitaki, kulala na tumbo tele.*

Chini yake, kwa kalamu nyekundu,
Mundhir ameongeza mstari wake,
usio na vina wala mizani:

*Babu, sigara nje.*