Matawi Kumi na Manane

Nzioki alilileta kwenye kopo la mafuta ya kujipaka,
kifuniko kimekazwa kwa mpira wa kijani,
akalisukuma dirishani kama mtu anayerudisha deni la aibu.
"Kilitoka chenyewe," akasema, akiutazama ukuta.
"Niko orofa ya nane, mwiko mkononi.
Kilitembea, dada. Pajani. Kilitembea."

Kipande kimoja cheupe, urefu wa ukucha wa gumba:
pingili, kama ya muwa,
ila muwa hauna haja ya kusafiri.
Kilikuwa bado kikijinyoosha, kikijikunja,
chini ya taa ya maabara yetu ya Kawangware,
na nje jenereta ya kinyozi ikikohoa.

Nikakibana kati ya vioo viwili,
nikakidunga wino mweusi kwa sindano nyembamba,
na mti ukaota mbele ya macho yangu:
shina katikati, matawi huku na huku,
kila tawi limesheheni mayai.
Nikahesabu upande mmoja, kwa ncha ya kalamu.
Kumi na matatu. Kumi na manne. Hapo nikashusha pumzi.
Kumi na manane.

Tegu wa ng'ombe.
Yule wa nguruwe matawi yake ni machache,
na mayai yake, mtu akiyameza,
watoto wake hupanda hadi ubongoni
wakamwachia mwenye nyumba kifafa.
"Shukuru," nikamwambia Nzioki.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
kwamba mwizi aliyemvunjia mlango ni mpole.

"Anakula nini?"
Unachokula.
"Kwa mdomo gani?"
Hana mdomo. Hana tumbo, hana jicho.
Ngozi yake yote ni ulimi.
Kichwa hakizidi punje ya mtama,
vikombe vinne vya kunyonya, vya kushikia ukuta,
na shingoni pingili huzaliwa nyuma ya pingili,
changa mbele, kongwe mkiani,
kila moja mume na mke ndani ya ngozi moja:
harusi bila mahari, bila kamati.
Mita sita. Labda saba.

Nikamuuliza kuhusu nyama.
"Ijumaa, tukilipwa. Kwa Gathogo, Dagoretti Kona.
Naipenda ikiwa na damu kidogo."
Na choo, pale jengoni?
"Kipo. Cha injinia."
Na nyinyi?
Akakuna kidevu chenye saruji.
"Kuna manyasi kule bondeni."

Nayajua manyasi hayo. Nepia, refu kuliko mtu.
Alfajiri vijana huyafyeka, huyajaza mkokoteni,
huwauzia wanaonenepesha madume.
Yai limelala kwenye jani. Dume linatafuna.
Ganda linayeyuka, na kitoto chenye kulabu sita
kinatoboa utumbo, kinafuata damu, kinafika msulini,
kinajifungia ndani ya kifuko:
tone la maji na nukta nyeupe.
Hapo hakina haraka. Kinangoja Ijumaa.
Mkaguzi hulikata shavu, huchungulia, hupiga muhuri.
Lakini shavu ni shavu, na ng'ombe ni mkubwa.

Sikumwambia yote.
Nilimwambia: vidonge hivi umeze,
kisha uniletee kila kitakachotoka. Ndoo nzima.
"Ndoo nzima?"
Natafuta kichwa.

Jumamosi niliosha utepe ule kwa chujio la chai,
mita baada ya mita, glovu zikinibana,
ukizidi kuwa mwembamba, mwembamba kama uzi wa kushonea,
halafu ukaisha.
Nikarudia kutoka mwanzo.
Kichwa kikibaki, miezi mitatu tu
na pingili zitatembea tena.

Nikaandika daftarini: hakikuonekana. Arudi Agosti.
"Waambie wawachimbie choo," nikasema.
Akacheka, bila meno kuonekana.
"Nikiwaambia, Jumatatu atakuja mwingine."
Simu yake ikalia. Zege lilikuwa linamwagwa saa nne.
Akaniachia ndoo,
akaondoka akikimbia.