Bidoni ya Kumi na Mbili

Shika, Mumbere. Sindano hii haina ncha, usiogope.
Vuta klorini hadi mstari wa tano.
"Karibu na wa tano" haupo.
Ingiza mdomoni mwa bidoni, sukuma,
kisha mwambie mwenye maji: "Nusu saa, mama, kabla ya kunywa."
Mwambie hata kama alikusikia jana,
hata akikujibu, "Ndiyo, daktari," na kucheka na wenzake.

Mimi sikuletwa hapa Kituku na wema.
Nililetwa na kushindwa.
Uchaguzi wa mjumbe wa darasa: tai ya kaka yangu,
hotuba ya kurasa nne, neno "maendeleo" mara kumi na tisa
(Kavira alihesabu).
Darasa la watu mia mbili, nikapata kura saba.
Jioni akanikuta nyuma ya maktaba nachanachana karatasi.
Hakunipa pole.
"Kesho, saa kumi na moja alfajiri, ufukweni.
Vaa viatu vya mawe."

Viatu vya mawe! Kama kwamba Goma ina njia nyingine,
mji ambao mlima uliumwagia sakafu bila kuulizwa.

Nilitarajia kipaza sauti. Nikapewa sindano na daftari:
kijiti, kijiti, kijiti, kijiti, mkato. Bidoni tano.
Kijiti tena.

Siku ya tisa klorini ikaisha.
Foleni ilikuwa imefika kwenye mitumbwi,
chukudu tatu zimeegeshwa, watoto wanachelewa shule,
na mimi, ambaye hakuna aliyewahi kunipangia foleni,
nikaona haya kusema, "Imekwisha."
Nikavuta maji ya ziwa.
Mstari wa tano, barabara kabisa.
"Nusu saa, mama."
Mara kumi na mbili.

Kavira aliitazama chupa, akaitazama mikono yangu.
Hakunikaripia mbele za watu.
Aliandika kwenye boksi, HAKUNA DAWA, akalisimamisha juu ya jiwe,
akasema polepole: "Tunapanda."

Mlango wa kwanza alizungumza yeye.
Wa pili akanigeukia, akanyamaza.
Ulimi wangu ulikuwa na lita ishirini.
"Mama, nilikudanganya. Maji yako hayana dawa. Yachemshe."
Bauma, fundi redio, alicheka mpaka akakohoa.
Mama Nzigire hakucheka. Alinimwagia yote miguuni,
taratibu, tone la mwisho,
akanipa bidoni tupu: "Kanichotee mengine."
Nikashuka. Nikachota. Nikapanda,
na Kavira alinisubiri pale pale kizingitini, hakunisaidia kubeba.

Kabla ya saa sita tulikuwa tumezipata kumi na moja.

Ya kumi na mbili ilibebwa na mtoto wa kike,
sweta ya kijani, kizibo cha gunzi la mahindi.
Siku tatu tuliuliza, Majengo mpaka Katoyi.
Sweta za kijani ni nyingi kuliko nilivyodhani.

Mwaka uliofuata wenzangu walinisukuma nigombee tena.
Sikuandika hotuba. Niliwasimulia habari ya gunzi.
Kama nilishinda, kama sikushinda, waulize wao.

Kavira sasa anafundisha Beni. Ujumbe wake ni mmoja kila mwezi:
"Klorini ipo?"
Hajawahi kuniuliza kuhusu cheo.

Basi, daftari ni lako.
Ukurasa wa kwanza utaona vijiti kumi na kimoja
na nafasi. Usiijaze.
Mimi nitakaa kule kwenye jiwe jeusi
nikijifanya natazama wauza sambaza,
kama alivyojifanya yeye.
Utakosea; nitakuona; tutapanda wote.

Ikiisha, sema imekwisha.

Na akija msichana, atakuwa mrefu sasa,
bidoni yake imezibwa kwa gunzi,
niite.
Hata nikiwa mtihanini, niite.